Maswali ya Wasomaji: Kontena la Tangi Hupimwaje Kabla ya Kupewa Cheti?

Katika toleo lililopita tuliandika kwa ufupi kuhusu makontena ya matangi, yale mapipa marefu ya chuma yanayolala ndani ya fremu yenye kona nane, ambayo huteremshwa Dar es Salaam na Mombasa yakiwa na kemikali, mafuta ya kula au gesi, kisha hupandishwa kwenye malori na kupotelea bara. Barua zimekuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, na nyingi zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: cheti cha kontena hilo kinathibitisha nini hasa? Nimechagua maswali saba na kuyafupisha. Majina ya wasomaji tumeyaacha, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu.

Mhandisi, salaam. Mwezi uliopita kontena letu la tangi lilizuiliwa kwa sababu mkaguzi alisema tarehe yake imepita. Nilimwonyesha bamba lenye herufi CSC, ambalo tarehe yake ilikuwa bado, naye akanionyesha bamba jingine kabisa. Kontena moja linawezaje kuwa na tarehe mbili, na ipi ndiyo ya kweli? — Wakala wa forodha, Kurasini, Dar es Salaam

Ndugu wakala, tarehe zote mbili ni za kweli, kwa sababu mbele ya sheria ulikuwa na vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kimoja ni kontena, yaani fremu inayoinuliwa na winchi, kubebeshwa mengine juu yake na kufungwa kwenye sitaha ya meli. Cha pili ni tangi, yaani chombo cha kuhimili presha kilichobeba kitu ambacho pengine kinaweza kuua. Fremu nzima inaweza kubeba tangi bovu, na tangi zima linaweza kukaa ndani ya fremu iliyopinda, ndiyo maana kila kimoja kina kanuni zake, bamba lake na kalenda yake.

Herufi CSC zinatokana na Mkataba wa Kimataifa wa Makontena Salama, uliopitishwa Geneva tarehe 2 Desemba 1972 na kuanza kutumika tarehe 6 Septemba 1977. Bamba lake halipaswi kuwa dogo kuliko milimita 200 kwa 100, na linataja nchi iliyotoa idhini, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, namba ya utambulisho wa kontena, uzito wa juu kabisa linaoruhusiwa kufikia likiwa na shehena, mzigo linaoweza kubebeshwa juu yake, na nguvu ya kusukumwa upande ambayo lilijaribiwa nayo. Ukaguzi wa kwanza chini ya mkataba huo hufanyika kabla ya miaka 5 kupita tangu kontena litengenezwe, na baada ya hapo kila baada ya muda usiozidi miezi 30. Mwenye kontena anaweza pia kufuata mpango wa ukaguzi endelevu ulioidhinishwa, na hapo bamba huwa na herufi ACEP badala ya tarehe ya ukaguzi unaofuata.

Bamba la pili ni la tangi lenyewe, na linatakiwa pale shehena inapokuwa bidhaa hatari. Hapo zinatumika kanuni za IMDG za usafirishaji wa bidhaa hatari baharini, ambazo zilianza kuwa za lazima tarehe 1 Januari 2004. Bamba hilo hutaja shinikizo la juu la kufanyia kazi, shinikizo la jaribio, ujazo wa tangi, na orodha ya tarehe za majaribio zilizogongwa muhuri. Kila baada ya miaka 5 tangi hukaguliwa ndani na nje na kwa kawaida hujaribiwa kwa shinikizo la maji. Katikati ya kipindi hicho, yaani kila baada ya miaka miwili na nusu, hufanyiwa ukaguzi mwepesi zaidi ambao hujumuisha jaribio la kuvuja na kuangaliwa kama vali zinafanya kazi.

Kwa hiyo bila shaka tarehe aliyoiona mkaguzi ilikuwa ya tangi. Ninakushauri umuulize mtumaji wa mzigo jambo moja kabla ya mengine yote: tangi lilijazwa tarehe gani? Tangi ambalo muda wake wa jaribio umepita haliruhusiwi kujazwa. Hata hivyo, likiwa lilijazwa kabla ya muda huo kupita, kanuni zinaruhusu lisafirishwe kwa kipindi kisichozidi miezi 3 baada ya muda wa jaribio lake la mwisho kumalizika, ili mzigo usikwame njiani. Karatasi inayoonyesha siku ya kujaza inaweza kulifungua kontena lako mapema kuliko malumbano ya wiki nzima getini.

Shikamoo Mhandisi. Ninasoma uhandisi wa mitambo na mwalimu alituambia kwamba kontena hupimwa nguvu kabla ya kupewa idhini, lakini hakueleza kwa namna gani. Je, kila kontena linalotoka kiwandani hupimwa hivyo? — Mwanafunzi, Mbeya

Marahaba, mwanangu. Majaribio ya muundo hufanywa kwa kontena la mfano, lile la kwanza la muundo mpya. Likifaulu, mamlaka ya nchi husika, au shirika la ukaguzi lililopewa kazi hiyo kama vile Bureau Veritas au Lloyd's Register, hutoa idhini ya muundo, na yanayofuata hutengenezwa kwa michoro ileile chini ya macho ya wakaguzi. Kila tangi moja moja bado hupimwa kwa shinikizo kabla ya kuanza kazi, lakini halirudii mateso aliyoyapata kaka yake wa kwanza. Uielewe vizuri tofauti hiyo, kwa sababu idhini ya muundo inaeleza mchoro na siku ya kiwandani, na haiwezi kueleza yaliyolipata kontena hilo miaka kumi na mbili baadaye.

Vipimo vyenyewe vimeelezwa katika kiwango cha ISO 1496, sehemu ya 3, ambacho kinahusu matangi. Tuanze na kubebeshana. Kiwango kinawazia makontena tisa yaliyopangwa juu kwa juu, kila moja likiwa na tani 24. La chini kabisa linabeba manane, yaani kilo 192,000. Meli nayo haitulii. Ikipanda wimbi na kushuka, uzito huo huongezeka, hivyo hesabu huzidishwa kwa 1.8 na kufika tani 345 na nusu hivi. Ukigawa kwa nguzo nne za kona, kila nguzo inakandamizwa kwa nguvu ya kilonyutoni 848, ambayo ni sawa na uzito wa tani 86 kwenye nguzo moja. Tena nguvu hiyo haiwekwi katikati kabisa ya kona, kwani melini makontena hayakai sawasawa kama matofali ya fundi hodari. Kiwango kinataka mzigo usogezwe milimita 25.4 upande mmoja na milimita 38 kwa urefu, ili nguzo ionewe kama inavyoonewa baharini.

Kuinua hufanywa kwa uzito maradufu. Kontena ambalo uzito wake wa juu ni kilo 36,000, kama yalivyo mengi ya futi 20 siku hizi, huinuliwa likiwa na jumla ya kilo 72,000, kwanza kwa kona za juu na baadaye kwa kona za chini, na kuachwa likining'inia kwa dakika 5. Hapa wapimaji hupata taabu ambayo wanafunzi huipenda sana, na wewe ijaribu kwenye karatasi: tangi la lita 25,000 likijazwa maji lina tani 25, fremu na tangi tupu ni tani 4 hivi, kwa hiyo maji peke yake hayafikishi hata nusu ya mzigo unaotakiwa. Tani 43 zilizobaki hutundikwa au kuwekwa kwa vyuma vya ziada vilivyosambazwa kwa urefu wa tangi, na hapo ujuzi wa mpimaji huonekana, kwa sababu vyuma vikirundikwa mahali pamoja jaribio halitakuwa la haki.

Kisha fremu husukumwa kwa ubavu kwa nguvu ya kilonyutoni 150, ambayo ni uzito wa tani 15 hivi, huku kona za chini zikiwa zimeshikiliwa. Fremu inaruhusiwa kulemaa kidogo. Ukipima mishazari miwili ya upande wa mwisho na kujumlisha mabadiliko ya urefu wake, jumla isizidi milimita 60. Kontena ambalo nguvu yake ya kubebeshwa iko chini ya kilo 192,000, au ya kusukumwa iko chini ya kilonyutoni 150, linapaswa kuwekewa alama ya wazi, na ninawaomba wote wanaopanga makontena yadini waiheshimu alama hiyo, kwani limewahi kubebeshwa moja la namna hiyo mbele ya macho yangu katika yadi moja, na nguzo ilijikunja kabla mtu hajamaliza kupiga kelele ya onyo.

Jaribio ninalolipenda kuliko mengine ya aina hii ni la kusimamisha kontena wima. Tangi hujazwa, kisha kontena zima husimamishwa kwa mwisho wake mmoja kama mnazi, na kuachwa hivyo kwa dakika 5. Lengo ni kuuliza swali moja: je, mahali tangi linapoungana na fremu panaweza kulishika tangi lililojaa bila kuliachia? Halafu hulazwa ubavu na swali huulizwa tena. Katika kontena la sanduku la kawaida mzigo husukuma kuta. Katika kontena la tangi mzigo wote unapitia kwenye viungo vichache vya kuchomelewa kati ya pipa na fremu, na nyufa nyingi nilizowahi kuziona kwa macho yangu zilianzia hapo. Ukiwa mhandisi na ukapewa dakika tano tu za kukagua kontena la tangi, zitumie hapo.

Mimi ni mpakiaji. Napanda juu ya matangi kila siku kufungua mfuniko. Kile kijia cha juu kimepimwa kubeba watu wangapi? — Msomaji, Changamwe, Mombasa

Kijia hujaribiwa kwa mzigo wa kilo 300 uliowekwa kwenye eneo la milimita 600 kwa 300, na kidato cha ngazi hujaribiwa kwa kilo 200. Wewe na mwenzako mmoja mnaweza kusimama bila wasiwasi, mradi kijia hakijapinda wala kukatika kiungo. Jaribio hilo lakini halizuii mtu kuteleza, na wengi wanaoumia juu ya matangi huumia kwa kuanguka. Vaa mkanda wa usalama, na kama yadi yenu haina mahali pa kuufunga, daini pawepo.

Mhandisi, mimi ni dereva wa Mombasa–Kampala. Nikibeba tangi lililojaa, gari linakaa. Nikibeba lililojaa nusu, nikishika breki kwenye mteremko wa Mai Mahiu nasikia kama mtu anausukuma mgongo wa gari kwa mikono miwili. Sasa nauliza, hao wanaopima matangi wanalijua jambo hili? — Dereva, Mombasa

Kaka dereva, wanalijua, na swali lako ndilo lililonifanya niombe nafasi kubwa katika toleo hili.

Vipimo nilivyomweleza mwanafunzi wa Mbeya vyote ni vya nguvu iliyotulia. Mzigo huwekwa polepole, husubiriwa, hupimwa. Lakini kimiminika hakitulii. Kinapojazwa nusu hupata nafasi ya kukimbia, na gari likisimama ghafla chenyewe huendelea na safari hadi kigonge kichwa cha tangi, kisha hurudi nyuma kama wimbi linalogonga ukuta wa gati. Mikono miwili unayoihisi mgongoni ni wimbi hilo.

Kwa sababu hiyo, matangi yanayobeba bidhaa hatari yana jaribio la ziada ambalo makontena ya kawaida hayana, nalo ni la kugongwa. Limeelezwa katika mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa majaribio na vigezo, sehemu ya 41. Kontena la mfano hujazwa maji hadi takriban asilimia 97 ya ujazo wake, au hadi linapokaribia uzito wake wa juu kabisa, kisha hufungwa kwa kufuli za kona kwenye jukwaa la majaribio, ambalo kwa kawaida ni behewa la reli. Behewa hilo hugonganishwa na jingine. Reli imechaguliwa kwa sababu huko ndiko kontena hupata misukosuko mikali kuliko kwenye barabara au melini, hasa mabehewa yanapopangwa yadini na kugongana ili yashikane. Kanuni inataka mgongano huo usiwe chini ya mara nne ya uzito wa kontena lililojaa, na udumu kwa muda unaofanana na migongano halisi ya reli.

Maneno hayo ya mwisho, udumu kwa muda unaofanana, ndiyo yaliyowatesa wahandisi. Ukipiga chuma kwa nyundo ndogo, unaweza kupata kipimo cha mara ishirini ya uzito kwa muda mfupi mno, na kontena lisihisi chochote. Ukilisukuma kwa mara tatu tu kwa muda mrefu, unaweza kuling'oa tangi kwenye fremu. Kipimo cha kilele peke yake hakisemi ukweli. Ili kulielewa suluhisho lao, fikiria ubao uliopandwa matete ya urefu mbalimbali. Ukiugonga ubao, matete marefu yatayumba polepole na mafupi yatatetemeka upesi, na kila tete litajibu pigo lilelile kwa namna yake. Wapimaji hufanya hesabu hiyohiyo kwa kompyuta: hubandika vipima mtikisiko kwenye kona za chini zilizo karibu na mwisho unaogongwa, huchukua vipimo visivyopungua 1,000 kwa sekunde, kisha hukokotoa jinsi kila "tete" lingejibu, kuanzia lile linaloyumba mara 3 kwa sekunde hadi linalotetemeka mara 100. Katika mitikisiko 3 kwa sekunde, jibu lazima lifike angalau mara 2.88 ya uzito. Katika mitikisiko 100, angalau mara 10. Pigo ambalo mstari wake umeshuka chini ya kiwango hicho mahali popote halihesabiwi, na behewa hurudishwa nyuma ligonge tena. Baada ya hapo tangi lisivuje, na fremu isiwe imeharibika kiasi cha kushindwa kuinuliwa au kufungwa kama kawaida.

Mbali na jaribio hilo, mahesabu ya muundo yanataka tangi na vifungo vyake vihimili nguvu ya mara mbili ya uzito kuelekea mbele, mara moja kwa ubavu, mara moja kwenda juu na mara mbili kwenda chini. Lori lako likikaza breki kwenye lami kavu halifikii hata mara moja. Kwa hiyo, kaka, kama tangi lako ni zima na limefungwa kona zote nne kwenye tela, usihofu kwamba breki italing'oa.

Lakini nitakuwa nimekudanganya nikiishia hapo. Cheti ni cha kontena, si cha kontena pamoja na lori, tela, barabara na kona ya kushoto. Katika kona kimiminika hupanda ubavu wa tangi, kitovu cha uzito huhama kuelekea nje, na tela linaweza kupinduka katika mwendo ambao mzigo mgumu wenye uzito uleule ungepita salama. Hakuna sehemu katika majaribio niliyoyataja inayopima jambo hilo. Kinga yake imo kwenye kanuni ya kujaza: bidhaa hatari yenye kutiririka kwa wepesi hairuhusiwi kujazwa zaidi ya asilimia 20 na chini ya asilimia 80, isipokuwa tangi liwe limegawanywa kwa kuta au mabamba ya kuvunja wimbi katika sehemu zisizozidi lita 7,500 kila moja. Tangi ulilobeba likiwa nusu, kama lilikuwa na kemikali hatari na halina mabamba hayo, lilivunja kanuni kabla hujawasha injini. Kwa mafuta ya kula au divai sheria hiyo haikubani, lakini wimbi halijui tofauti ya asidi na mafuta ya alizeti. Kabla ya safari uliza tangi limejazwa asilimia ngapi na kama lina mabamba ndani, na ukiambiwa ni nusu na ni wazi, unayo haki ya kukataa. Tajiri atakayekukasirikia kwa hilo hajawahi kushuka Mai Mahiu nyuma ya usukani wako.

Mafundi wenzangu hupima matangi waliyoyachomelea kwa kujaza upepo wa kompresa na kupaka povu la sabuni. Kwa nini kanuni zinang'ang'ania maji? — Fundi wa kuchomelea, Keko, Dar es Salaam

Fundi, povu la sabuni ni zuri kwa kutafuta tundu dogo kwa presha ndogo, na linatumika hata katika ukaguzi rasmi wa kuvuja. Kupima nguvu ni jambo jingine. Tangi la kawaida la kemikali lenye shinikizo la kazi la bar 4 hujaribiwa kwa bar 6, yaani mara moja na nusu, na tangi la gesi hujaribiwa kwa angalau mara 1.3. Maji hayabanwi kwa urahisi, hivyo mshono ukipasuka katikati ya jaribio, presha hushuka papo hapo na unalowa miguu. Upepo hubanwa kama springi. Nimefanya hesabu kwa tangi la lita 25,000: upepo wa bar 6 ndani yake umehifadhi nishati maelfu ya mara kuliko maji ya presha ileile, na nishati hiyo ikitoka kwa mara moja ni mlipuko unaoweza kumtupa mtu na ukuta alioegemea. Nawasihi, wewe na wenzako, acheni kabisa kupandisha presha ya upepo kwenye tangi kubwa mkiwa mmesimama kando yake.

Neno moja kuhusu maji yenyewe: yasiwe ya chumvi. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chuma kisichoshika kutu kinachotengenezewa matangi haya huliwa na kloridi iliyomo kwenye chumvi hiyo kwa vishimo vidogo vinavyoingia ndani kama sindano. Tangi linaweza kufaulu jaribio leo na kuharibiwa na maji yaliyolipima.

Asalaam alaikum. Sisi huku tuliiona sana ile video ya tangi la klorini lililoanguka Aqaba. Je, tangi lile halikuwa na cheti, au majaribio unayoyasifu hayatoshi? — Msomaji, Muscat, Oman

Waalaikum salaam. Kwa wasioikumbuka: tarehe 27 Juni 2022, katika bandari ya Aqaba nchini Jordan, tangi lenye tani 25 hivi za klorini lilikuwa likipakiwa kwenye meli iendeayo Djibouti, kamba ya chuma ikakatika, tangi likaangukia sitaha na kupasuka, na wingu la manjano likatanda gatini. Walikufa watu wasiopungua 13 na zaidi ya 250 waliumia. Uchunguzi wa serikali ya Jordan ulieleza kwamba kamba haikufaa kwa uzito ule, kwani mzigo ulikuwa mara tatu ya uwezo wake.

Sitasema neno kuhusu cheti cha tangi lile, lakini jibu la swali lako halikitegemei. Jaribio la kuinua linathibitisha kwamba kona na fremu ya kontena zinaweza kushika uzito maradufu. Haliithibitishi kamba, ndoano wala winchi. Hivyo vina vyeti vyake na ukaguzi wake. Wala hakuna katika majaribio haya jaribio la kuangusha. Matangi ya aina hii hayaangushwi kutoka juu ili kuona kama yatapona, na hakuna anayedai kwamba yatapona. Muundo wote umejengwa juu ya sharti kwamba hayataanguka. Waliokuwa gatini siku ile walistahili mtu mmoja asome uzito kwenye bamba la kontena, asome uwezo kwenye kibandiko cha kamba, na kuzilinganisha namba mbili. Kazi hiyo ni ya dakika moja.

Niongeze kwamba hata kontena lisiloanguka wala kugongwa linaweza kuua kwa sababu ya kilichomo. Tarehe 14 Julai 2012, katikati ya Atlantiki, meli ya MSC Flaminia ililipuka na mabaharia watatu wakafariki. Shehena iliyolaumiwa ni kemikali iitwayo divinilibenzini iliyokuwa ndani ya makontena ya matangi yaliyopakiwa New Orleans. Ilipata joto na kuanza kujigandisha yenyewe huku ikizidi kutoa joto. Nguvu ya fremu haiwezi kuizuia kemikali isichemke.

Mhandisi, habari. Nina kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti. Nimepata kontena la tangi lililotumika, bei nzuri, muuzaji anasema lina cheti. Nataka kuliweka uwanjani nihifadhie mafuta. Niangalie nini? — Mama mjasiriamali, Singida

Mama, hongera kwa kiwanda. Kama tangi litakaa uwanjani bila kusafiri, huhitaji bamba la CSC liwe hai. Unahitaji kujua tangi hilo limeishi maisha gani.

Anza na namba. Namba ya utambulisho iliyoandikwa ubavuni ifanane na ile ya kwenye mabamba, na mabamba yawe yamepigiliwa kiwandani. Ukiona matundu ya zamani yaliyozibwa karibu na bamba, au ribiti mpya kwenye bamba lililochakaa, ondoka. Nimewahi kuonyeshwa bamba la namna hiyo na muuzaji aliyeapa mbele ya Mungu. Kisha dai orodha ya shehena zilizobebwa. Kama tangi lilibeba kemikali za viwandani, sikushauri ulitumie kwa chakula hata likioshwa mara saba. Sili za mpira kwenye mfuniko na kwenye vali hunywa kemikali na kuitoa taratibu baadaye. Muuzaji asipokuwa na orodha, lichukulie kuwa lilibeba kitu kibaya.

Gonga ganda la nje kwa kifundo cha kidole, hasa upande wa chini. Matangi mengi yamevikwa sufi ya kuhifadhi joto kati ya tangi na ganda, na maji ya mvua au ya bahari yakipenya humo hukaa miaka mingi yakila chuma pasipo mtu kuona. Mpe fundi pesa afungue ganda mahali pawili au patatu kabla hujalipa, na atazame kwa taa viungo vinavyoshikilia tangi kwenye fremu.

Jambo ninalokusihi zaidi, mama, ni kwamba mtu yeyote asiingie ndani kuliosha au kulitazama mpaka hewa yake ipimwe. Matangi hujazwa naitrojeni ili kuilinda shehena, na naitrojeni haina harufu wala rangi. Anayeingia hahisi kukosa pumzi. Hulegea na kuanguka, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Fungua mfuniko na vali ya chini, sukuma hewa safi ndani kwa feni kwa saa kadhaa, mlete mwenye kipimo cha oksijeni, na mtu mmoja abaki nje ameshika kamba iliyofungwa kwa aliyeingia. Ukikosa kipimo hicho Singida, kiazime Dodoma au Dar es Salaam na usubiri.

Ukishalinunua, lijengee vitako vinne vya zege chini ya kona nne za chini, vyenye usawa mmoja. Fremu hii imeundwa kubebwa kwa kona zake. Ukililaza tu juu ya udongo, mvua ya kwanza italizamisha upande mmoja na uzito wote utaelemea viungo vilevile nilivyomwambia mwanafunzi wa Mbeya avikague kwanza.